Bandu Bandu Huisha Gogo: Siku Zinazopotea Kati ya Kazi na Kazi

Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo. Anayelitazama gogo asubuhi, kabla shoka halijainuliwa, haamini kwamba vipande vidogo hivyo vitalimaliza. Anayelitazama jioni hushangaa lilikoenda. Siku za kazi nazo zina tabia iyo hiyo. Hakuna mradi unaochelewa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Huchelewa leo nusu siku, kesho siku moja, na kila ucheleweshaji huja na sababu yake nzuri, hadi siku ya kukabidhi inapowadia na kila mtu kubaki akimtazama mwenzake.

Mnamo mwaka 2018, binti mmoja aliyehitimu chuo kikuu kwa shahada ya elimu, katika masomo ya Kiswahili na hisabati, alikuwa akisubiri kuajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Kusubiri huko kulikuwa kumekwisha kumla miaka miwili. Alipopata kibarua cha ukarani katika eneo la ujenzi kule Machakos, alikipokea kwa mikono miwili. Palikuwa pakijengwa bweni la ghorofa moja la shule ya upili ya wasichana. Ujenzi ulianza Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Julai, nao ulitarajiwa kukamilika baada ya siku 113 za kazi, yaani mapema mwezi wa Desemba. Januari iliyofuata, wanafunzi wa kidato cha kwanza wangefika na masanduku yao, na katika mabweni ya zamani hapakuwa na nafasi ya kuongeza hata kitanda kimoja.

Kazi ya karani huyu ilikuwa nyepesi kusimulia: kuandika vibarua waliofika, kupokea mizigo ya saruji na nondo, na kila Jumamosi kuingiza katika tarakilishi ya ofisini tarehe ambayo kila kazi ilianza na tarehe iliyomalizika. Humo mlikuwa na programu ya kusimamia miradi, mojawapo ya zile zinazochora kila kazi kama ufito uliolala, mrefu au mfupi kulingana na siku zake. Hakuwa amefunzwa programu hiyo chuoni. Aliisoma usiku, ukurasa baada ya ukurasa, kama alivyokuwa akisoma riwaya teule.

Fito hizo zina historia ndefu kuliko tarakilishi zenyewe. Mwaka 1896 mhandisi wa Kipolandi, Karol Adamiecki, alibuni mchoro wa kuonyesha jinsi kazi zinavyofuatana na kutegemeana. Katika miaka ya 1910 Mmarekani Henry Gantt aliieneza michoro ya fito, na hadi leo michoro hiyo hujulikana kwa jina lake. Mnamo 1957 na 1958 zikaja mbinu mbili za kukokotoa mfuatano wa kazi ambao, ukichelewa, mradi mzima huchelewa: moja ilitokana na kampuni ya DuPont, na nyingine na mpango wa Jeshi la Majini la Marekani wa kuunda makombora ya Polaris. Programu ya Microsoft Project ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1984, hesabu hizo zilizokuwa zikifanywa na wataalamu wachache zilianza kuingia katika ofisi za kawaida.

Jambo la kwanza alilojifunza binti huyu ni kwamba programu haiwezi kumwambia mtu kuwa amechelewa mpaka aiambie alikusudia nini. Kwa sababu hiyo, kabla kazi haijaanza, mpango wa awali hunakiliwa na kuwekwa kando bila kuguswa. Nakala hiyo ndiyo ratiba ya msingi. Kazi zinapoendelea, tarehe halisi huandikwa kando ya tarehe zilizokusudiwa, na pengo lililo kati yake huitwa mkengeuko wa ratiba. Kazi iliyokusudiwa kumalizika Ijumaa ikamalizika Jumatatu, katika eneo ambako Jumamosi ni siku ya kazi, ina mkengeuko wa siku mbili.

Kufikia Alhamisi ya pili ya Oktoba, kazi nne kubwa zilikuwa zimekamilika. Uchimbaji wa msingi ulipangiwa siku 10 ukachukua 11. Zege la msingi lilipangiwa siku 8 likachukua 10. Kuta za chini zilipangiwa siku 20 zikachukua 23. Slabu ilipangiwa siku 15 ikachukua 20. Jumla ya siku 53 zilizokusudiwa ilikuwa imegeuka kuwa siku 64. Hakuna aliyeshtuka. Kila kazi ilipochelewa palitolewa maelezo, na maelezo yote yalikuwa ya kweli. Isitoshe, tarakilishi haikuwa ikionyesha kuchelewa kokote.

Sababu ya ukimya huo ilikuwa hii. Kila mwisho wa mwezi, kabla ya kutuma ripoti, msimamizi wa mradi alikuwa akiihifadhi ratiba ya msingi upya. Tarehe mpya zilizochelewa zilichukua mahali pa tarehe za kwanza, na mkengeuko wote ukarudi kuwa sufuri. Hakuwa mtu mbaya, msimamizi huyo. Aliamini kwamba kazi iliyokwisha imekwisha, na kwamba kumwonyesha mteja wekundu kwenye ripoti ni kumtia hofu ya bure. Ila wahenga hawakukosea waliposema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Kuibadili ratiba ya msingi si kosa katika kila hali: kazi zikiongezwa, au mchoro ukibadilishwa kwa makubaliano ya pande zote, mpango mpya ni wa haki. Hata Microsoft Project humruhusu mtumiaji kuhifadhi ratiba za msingi 11 tofauti, ili ile ya kwanza isilazimike kufutwa. Kosa ni kuufuta mpango wa zamani ili usitoe ushahidi.

Huenda mambo yangaliendelea hivyo kama si suala la mshahara. Siku slabu ilipokamilika, mkandarasi alikuja mwenyewe. Alikuwa na ratiba ya kwanza iliyochapishwa kwenye karatasi, ile aliyotia saini mwezi wa Julai. Aliangalia mstari wa slabu, akahesabu kwa vidole, akasema kundi la slabu limechelewesha kazi kwa siku 11, na kwamba siku hizo zingekatwa kwenye malipo yao.

Kiongozi wa kundi hilo alikuwa mzee aliyekuwa na zaidi ya miaka 30 katika kazi ya ujenzi. Hakubishana. Alivua kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa tena. Baadaye alipita mlangoni pa ofisi ya mabati, akamkuta karani akifunga daftari.

"Binti yangu," alisema, "wewe ndiwe mwenye vitabu. Hebu niambie, sisi tulianza lini kazi ile?"

"Siku sita baada ya tarehe iliyopangwa, mzee wangu."

"Basi hizo sita nilizichelewesha nikiwa wapi?"

Swali hilo lilimkosesha binti usingizi. Aliiona slabu kama mtu aliyerithi deni la babake. Usiku huo aliwasha taa, akafungua daftari alilokuwa akiandika kwa mkono tangu siku ya kwanza, akaweka kando yake ratiba iliyochapishwa. Kisha akachora jedwali. Kwa kila kazi aliandika mambo matatu: ilianza ikiwa imechelewa siku ngapi, ilimalizika ikiwa imechelewa siku ngapi, na tofauti kati ya hizo mbili. Tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe iliyoiongeza. Mengine yote ilirithi kutoka kwa kazi iliyoitangulia.

Uchimbaji ulianza kwa wakati ukamalizika ukiwa umechelewa siku 1: uliongeza 1. Zege lilianza na deni la siku 1 likamalizika na deni la 3: liliongeza 2. Kuta zilianza na 3 zikamalizika na 6: ziliongeza 3. Slabu ilianza na 6 ikamalizika na 11: iliongeza 5. Mzee alikuwa na haki. Siku 11 alizobebeshwa, 5 tu ndizo zilizozaliwa mikononi mwake.

Hata hivyo jedwali lilisema zaidi ya alichokuwa akikitafuta. Aliposoma safu ya mwisho kutoka juu kwenda chini, aliona 1, 2, 3, 5. Mkengeuko wa kila kazi peke yake ulikuwa mdogo, wa kusamehewa. Mwelekeo wake ndio uliotisha. Kila kazi ilikuwa ikiongeza ucheleweshaji kuliko iliyotangulia. Mtu akiukagua mstari mmoja mmoja ataona bahati mbaya nne. Akizitazama kwa pamoja ataona ugonjwa mmoja.

Alirudi kwenye daftari kuutafuta ugonjwa huo. Siku 1 ya uchimbaji ilitokana na mwamba. Siku 2 za zege zilitokana na kungoja saruji. Katika siku 3 za kuta, 2 zilikuwa za kungoja mchanga na 1 mafundi walikwenda mazishini. Katika siku 5 za slabu, 2 zilikuwa za kungoja nondo, 2 za kungoja mchanga, na 1 mashine ya kuchanganya zege iliharibika. Alijumlisha mara mbili ili asimsingizie mtu. Kati ya siku 11, siku 8 mafundi walikuwa wamekaa wakingoja vifaa. Walioonekana wazembe walikuwa wakisubiri ofisi. Vifaa vilikuwa vikiagizwa pale vilipokwisha, wala si kabla.

Akafanya hesabu ya mwisho. Ikiwa kazi ya siku 53 imechukua siku 64, basi siku 60 zilizosalia, kwa mwendo uo huo, zingechukua zipatazo 72. Bweni lingechelewa siku 23 hivi za kazi. Mtu akiondoa sikukuu za Desemba, hiyo ni Januari, wasichana wakiwa tayari langoni. Hiyo nayo ilikuwa hesabu ya mtu mwenye matumaini, kwa kuwa ilichukulia kwamba mwendo hautazidi kuharibika. Mvua za vuli zilikuwa njiani. Katika sehemu hizo mchanga huchotwa kwenye mito ya msimu, na mto ukifurika, lori haliingii.

Inafaa kueleza hapa kwa nini binti huyu alihesabu kwa siku, wala hakuhesabu kwa shilingi. Njia iliyozoeleka katika miradi mikubwa, ambayo Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwawekea wakandarasi wake masharti yake mwaka 1967, hulinganisha thamani ya kazi iliyofanywa na thamani ya kazi iliyopaswa kuwa imefanywa. Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 10. Ikiwa kufikia leo kazi ya milioni 4 ilipaswa kuwa imekwisha, na iliyokwisha ni ya milioni 3.5, basi mkengeuko ni upungufu wa shilingi 500,000, na kiwango cha mwendo ni 3.5 kugawanywa kwa 4, yaani 0.875. Njia hii ni nzuri mradi unapokuwa katikati. Lakini ina kasoro ya ajabu. Nyumba inapokamilika, hata ikiwa imechelewa miaka mitatu, thamani iliyofanywa ni milioni 10 na iliyopangwa ni milioni 10. Mkengeuko huwa sufuri, na hesabu husema hakuna aliyechelewa. Mwaka 2003 Mmarekani Walter Lipke alichapisha njia ya kupima mkengeuko huo kwa wakati, ili kuchelewa kubaki kunaonekana hadi mwisho. Siku iliyopotea haigeuki kuwa sufuri kwa sababu mlango umetiwa kitasa.

Tabia ya kujidanganya kuhusu muda haiko Machakos pekee. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu mazoea ya binadamu ya kukadiria muda mfupi kuliko inavyostahili, hata pale anapojua kwamba kazi za aina hiyo huchelewa. Kahneman mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyokuwa katika jopo la kuandaa kitabu cha shule nchini Israeli. Wanajopo walikadiria miaka ipatayo miwili. Kitabu kikakamilika baada ya miaka minane. Ukumbi wa michezo ya opera wa Sydney, Australia, ulianza kujengwa mwaka 1959 ukitarajiwa kufunguliwa 1963. Ulifunguliwa 1973, na gharama ikapanda kutoka dola milioni 7 za Australia hadi milioni 102. Ujenzi ulikuwa umeanza kabla michoro ya paa haijakamilika, na baadhi ya nguzo za chini zikalazimika kubomolewa na kujengwa upya ili ziweze kuubeba uzito wake. Huko nako, kazi za baadaye zilirithi deni la kazi za mwanzo.

Asubuhi ya Ijumaa binti alisimama mbele ya meza ya msimamizi akiwa na karatasi moja. Alikuwa ameazimia kusema mengi, na usiku alikuwa ameyafanyia mazoezi. Akayasahau yote. Alisema tu, "Bwana Mhandisi, naomba uitazame safu hii ya mwisho."

Msimamizi aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Nani mwingine ameiona karatasi hii?"

"Hakuna, bwana."

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Kibarua chake hakikuwa na mkataba. Neno moja la msimamizi lingemrudisha nyumbani kusubiri tume, pamoja na mama aliyekuwa akitegemea fedha zile kumlipia mdogo wake karo. Angeweza kuikunja karatasi na kuomba radhi. Hakuikunja.

"Mkandarasi atamkata mzee siku 11," alisema. "Zake ni 5, na kati ya hizo 4 alikuwa akingoja vifaa. Na mwalimu mkuu ameambiwa Desemba."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Msimamizi hakumpongeza wala hakumfukuza. Aliichukua karatasi, akaenda nayo kwa mkandarasi, na yaliyosemwa huko hayakumfikia karani. Yaliyoonekana ni haya. Malipo ya kundi la slabu yalikatwa siku 1 tu, ile ya mashine iliyoharibika, ambayo mzee alikiri kwamba hawakuitunza. Wiki iliyofuata malori ya mchanga yalifululiza, yakarundika mlima wa kutosha kuta za juu na plasta kabla ya mito kujaa. Mwalimu mkuu naye aliitwa na kuambiwa ukweli mwezi wa Oktoba, badala ya kuugundua mwezi wa Januari. Aliukasirikia, kisha akaenda kupima ukumbi wa mikutano ili aone vitanda vingapi vingeingia.

Bweni lilikamilika mwisho wa Desemba, likiwa limechelewa siku 18 za kazi. Siku 60 zilizosalia zilichukua 67. Mvua ilichukua zake, na fundi wa madirisha akachukua zake. Wasichana wa kidato cha kwanza walilala ukumbini wiki moja rangi ikikauka, kisha wakahamia. Hapakuwa na sherehe, na hapana aliyetaja jedwali. Ripoti ya mwisho iliandikwa 18 bila kufichwa, na ratiba ya kwanza, ile ya Julai, ikaambatishwa.

Mzee alipokuwa akikusanya vifaa vyake siku ya mwisho alipita tena penye ofisi ya mabati. Alitoa mfukoni kamba nyembamba yenye mafundo. Alieleza kwamba katika kila jengo alilojenga alikuwa akifunga fundo kwa kila siku aliyoketi bila kazi, ili akiulizwa awe na la kujibu. "Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza," alisema. Akaiweka mezani, akaenda zake.

Kwa hakika, kamba ya mzee na programu ya tarakilishi zilikuwa zikifanya kazi moja. Zote mbili zilihifadhi kumbukumbu ya siku ambazo mtu angependa zisahauliwe. Tofauti ni kwamba fundo huhesabu siku iliyopotea, ilhali jedwali huonyesha ilikopotelea, nani aliirithi, na nyingine ngapi zitaifuata iwapo mwendo hautabadilika. Vyote viwili ni bure pasipo mtu wa kuuliza, na pasipo mwingine mwenye ujasiri wa kujibu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya watoto. Mafundi wa Machakos wanaijua kwa maana yake ya kwanza. Nyufa huanza zikiwa nyembamba kama unywele, na anayezipaka rangi kila mwisho wa mwezi hazizibi. Huzificha tu, hata siku ile ukuta utakapoamua kusema wenyewe.